Panya Mwenye Saa ya Mkononi

Mwaka wangu wa kwanza London nilikuwa msaidizi wa Ami, mzee wa Kiunguja aliyeanza ufundi bomba kabla mimi sijazaliwa. Hatuna udugu wa damu, ila sikuwahi kusikia mtu akimwita vinginevyo. Siku hiyo aliyetuita ni bibi mmoja mjane, Mwingereza, anayesumbuliwa na panya.

Alisema kila alfajiri, na tena jioni, chini ya mbao za sakafu ya ghorofani kunagongwa. Ta, ta, ta, kisha kimya. Ametega mitego, ameweka sumu, panya hajauona hata mkia. Ami akamuuliza jambo moja tu: boila, ule mtambo wa kuchemsha maji ya kupashia nyumba joto, inajiwasha saa ngapi? Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni.

"Panya gani huyu mwenye saa ya mkononi," akaninong'oneza kwa Kiswahili, uso mkavu.

Tukang'oa mbao. Chini yake kulikuwa na kazi ya kupendeza mno: mabomba mawili ya shaba ya milimita 22, la kupeleka maji ya moto na la kuyarudisha, yamenyooka mita tisa hivi kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Kila boriti imechongwa pengo la kulitosha bomba na si zaidi, hata karatasi haipiti. Mwishoni elibo, yaani viungo vya kona, zimesukumwa mpaka kwenye tofali, na penye ukuta bomba limezibwa kwa saruji. Nikaisifu. Ami akacheka: "Huyu alikuwa fundi makabati."

Akachora mstari wa penseli, nusu kwenye shaba, nusu kwenye boriti, akanituma nikawashe boila. Nikarudi mbio, nikalala kifudifudi na tochi. Bomba likawa vuguvugu, kisha la moto lisiloshikika, na mstari bado umeungana. Mara, ta! Nusu ya kwenye shaba ikaruka mbele kiasi cha unene wa ukucha. Kitambo kidogo, ta! nyingine. Shaba inataka kwenda, mti umeing'ang'ania, nguvu inajikusanya mpaka mshiko unaachia kwa ghafla. Boila ikizimwa, bomba linapoa na kurudi lilikotoka kwa makelele yale yale.

Hesabu ya Ami ilikuwa ya kichwani: mita moja ya shaba ikipanda nyuzi 60 za Selsiasi hurefuka milimita moja hivi. Kwa hiyo hapa zinatafutwa milimita tisa, na nafasi hakuna. Nimekulia karibu na reli Tanga, na utotoni tulikuwa tukichomeka vijiti kwenye mianya ya maungio ya reli. Sikuwahi kujiuliza imeachwa ya nini. Na nyumbani maji ya bomba ni ya baridi, nani angefikiria?

Kurekebisha kulikula siku nzima, na vumbi lake Mungu anajua. Mapengo tuliyapanua ubavuni tu, maana ukichimba kwenda chini boriti inapungua nguvu, tukayatandika felti, kitambaa kinene cha sufi. Matundu ya mbao yanayopitisha vibomba vya rejeta, yale masanduku ya ukutani yanayotoa joto chumbani, nayo tukayapanua. Saruji ya ukutani tukaichokoa, bomba tukalivisha ala ya plastiki. Elibo ya mwisho Ami aliikata akaisogeza mbali na tofali, na kipande kinachokata kona akakiacha kirefu, bila klipu karibu, ili kikisukumwa kijipinde kidogo. Kwa macho ilikuwa kazi mbaya kuliko tuliyoikuta, na sikulificha hilo. Lakini nafasi hiyo wengi huisahau: hata mabomba ya plastiki, ambayo hurefuka kuliko shaba mara kadhaa, huyafunga bila kufikiri kwa kuwa ni laini na hujipinda yenyewe.

Wiki iliyofuata bibi akapiga simu. Kwake kumetulia, ila sasa anasikia kugongwa kwa jirani, ng'ambo ya ukuta wa pamoja. Ami akamwambia amwahi jirani kabla hajanunua mitego, ampe namba yetu.