Siku moja maishani mwangu: mishale ya mifumo ya ulinzi

Saa 1 asubuhi niko kwenye basi kuelekea Filton, kaskazini mwa Bristol. Huko Abbey Wood ndiko ziliko ofisi za Wizara ya Ulinzi ya Uingereza zinazoshughulikia ununuzi wa vifaa vya jeshi, na makampuni mengi ya kazi kama yetu yako jirani. Mimi ni mtoto wa Tanga, na kule nyumbani wengi wanaamini natengeneza makombora. Kazi yangu ni kueleza mfumo wa ulinzi kwa programu ya modeli, yaani michoro ya visanduku na mishale: nani anampa nani taarifa gani, kwa njia ipi na kwa haraka kiasi gani, kabla bolti hata moja haijakazwa.

Saa 2 simu naifungia kabatini mlangoni, maana ndani haziruhusiwi. Kompyuta yangu haina intaneti. Mpaka saa 4 nakusanya mabadiliko ya wenzangu, naendesha ukaguzi, nasawazisha yanayogongana.

Saa 4 kikao, pamoja na timu ya rada na timu ya kituo cha kamandi. Mteja wetu ni afisa mstaafu, na leo anataka picha moja safi ya kumwonyesha mkubwa wake. "Futa hii mishale, inachafua." Nikamweleza, kwa upole, kwamba hii si karatasi ya kuchorea. Kisanduku kilichoandikwa "rada" ni kumbukumbu moja ndani ya hifadhidata, nayo inaonekana kwenye michoro mingi. Mshale ukiuondoa kwenye mchoro mmoja, bado upo ndani ya modeli. Ukiufuta ndani ya modeli, unatoweka kila mahali, hata kwenye jedwali la taarifa ambazo mifumo hupeana, na sharti la mkataba lililofungwa nao linabaki yatima. Akasema nifute tu.

Nikauliza basi: mshale huu unaotoka kwenye rada kwenda kituo cha kamandi unabeba nini? Wa rada wakasema wanatuma nukta ghafi, yaani alama moja moja za vitu rada ilivyoviona, kila antena inapozunguka. Wa kamandi wakashtuka. Wao wanasubiri nukta zilizokwisha kuunganishwa kuwa mwendo wa chombo kimoja, pamoja na alama ya rafiki au adui. Katikati hapo kuna kazi kubwa, na hakuna aliyepewa. Inahitaji programu, mashine na fedha. Wa rada wakafungua mkataba wao, wa kamandi wakafungua wao, chai ikapoa, chakula cha mchana kikapita. Mteja akarudia kwamba hayo yatamalizwa baadaye, kwa sasa picha. Nilikataa. Pengo kama hilo likifichwa leo, litagunduliwa wakati vifaa vimeshanunuliwa, na anayeumia ni askari aliyekaa mbele ya skrini tupu. Nikachora kisanduku kipya katikati, chekundu, mahali pa mwenye nacho nikaacha wazi.

Mchana uliobaki ni wa kuhamisha modeli za zamani. Wamarekani walianza kuweka kanuni za maelezo haya miaka ya 1990, wakaja na DoDAF, kanuni za wizara yao ya ulinzi, 2003. Waingereza wakatoa za kwao, MODAF, 2005. Sasa tunafuata NAF, kanuni za NATO, toleo la 4 la 2018, kwa hiyo michoro tuliyoizoea kwa herufi OV (ya utendaji) na SV (ya mifumo) inatafutiwa nafasi chini ya L (ya mantiki) na P (ya vifaa halisi). Programu inahamisha sehemu, nyingine ni macho yangu, mstari kwa mstari. Mgongo unauma. Hata hivyo sipeleki modeli ambayo sijaipitia mwenyewe.

Giza limeshaingia ninapoziandikia pande zote mbili maswali matatu: nani ataunganisha nukta, kwenye mashine ipi, ndani ya sekunde ngapi. Mteja akajibu kwa kuuliza tu picha itakuwa tayari lini. Nimemwandikia: kisanduku chekundu kikipata mwenye nacho.