Dakika Kumi za Basi la Shule: Nilivyowaingiza Wenzangu Chamani

Nimefanya kazi za nyumba Mombasa tangu 2014, na ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wowote ni neno moja: nyamaza. Mamangu aliniambia, wifi yangu aliniambia, hata yule kijana aliyenitafutia kazi ya kwanza Nyali, akala mshahara wangu wa mwezi mzima ati ni haki yake ya kunipeleka, naye aliniambia. Ukinyamaza utakaa, ukisema utafukuzwa. Nikanyamaza miaka mitatu kwa tajiri mmoja, na kufukuzwa nikafukuzwa.

Kwa tajiri huyo niliingia Januari 2019. Nililala chumba cha nyuma karibu na tangi la maji, nikalipwa elfu tisa kwa mwezi. Februari 2022 mwanangu aliugua Kwale. Nikaomba siku nne, nikakubaliwa. Niliporudi nikakuta nguo zangu zimetiwa kwenye mfuko mweusi, zimewekwa getini kwa askari. Juu yake kulikuwa na bahasha ya nusu mwezi na karatasi ya kutia saini, iliyoandikwa kwamba nimelipwa haki zangu zote na sina dai lolote.

Nataka kukaa kidogo kwenye karatasi hii, maana imewamaliza wengi. Dada aliyekuwa akifua pale kwa siku aliniambia, "Shoga, saini uchukue hizo pesa, utakula nini leo?" Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kalamu. Ni yule askari, mtu mzima wa kutoka Kinango, aliyesema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kitu chenye haraka hivi kina nini ndani? Chukua nguo zako uende, karatasi itakungoja." Nikaiacha karatasi na nikaiacha bahasha. Nilitembea kwa miguu mpaka Mishomoroni na mfuko wangu kichwani. Mzee yule nitamwombea dua maisha yangu yote, kwa sababu ningetia saini siku ile, hadithi hii isingekuwepo.

Jirani yangu Mishomoroni alikuwa akifanya kazi hotelini Bamburi, na wao hotelini walikuwa wanachama wa KUDHEIHA zamani, chama cha kutetea wafanyakazi. Mimi sikujua kwamba chama hicho hicho kinachobeba watu wa mahoteli, mashule na mahospitali kinatubeba na sisi wa majumbani. Ile D ya jina lenyewe ni "Domestic", yaani sisi wa majumbani, lakini nani alikuwa ametuambia? Akanipeleka. Nikajaza fomu, nikatoa ada, na mchango wa mwezi wala haukuzidi nauli yangu ya siku mbili tatu.

Swali la kwanza nililoulizwa: una ushahidi gani kwamba ulifanya kazi pale? Nikalia. Mkataba sina, barua sina, hata picha niliyopiga mbele ya nyumba ile sina. Ndipo ndugu wa chama aliyekuwa akiniandikia akaniambia jambo ambalo kila mfanyakazi wa nyumbani anapaswa kulisikia: kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri, si langu. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na mwajiri akishindwa kuutoa, ni yeye atakayethibitisha mlikubaliana nini. Miaka yote nilidhani kukosa karatasi ni kosa langu.

Kisha akasema, "Dada, hebu fungua simu yako."

Tukafungua. Tangu korona iingie 2020, tajiri alikuwa akinitumia mshahara kwa Mpesa, kila mwezi, kiasi kile kile, jina lake likionekana. Pesa za sokoni pia alinitumia hivyo hivyo. Tukaenda kwenye WhatsApp, na huko ndiko kulikokuwa na hazina. Sauti zake zote zilikuwapo, sikuwahi kufuta hata moja. "Nunua nazi mbili na ndimu." "Wageni wanalala, tandika chumba cha juu." Moja ilitumwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiuliza kwani nimelala, mbona chai ya watoto haijawa tayari. Nyingine ilitumwa saa tano kasorobo usiku, akitaka nipige pasi shati la safari. Tulikaa karibu siku nzima tukiandika tarehe na saa kwenye daftari. Zile sauti zilizokuwa zikinitetemesha zikawa ndizo mashahidi wangu. Jioni nilitoka pale nikihisi nimenyooka mgongo.

Hesabu ilikuwa hivi. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani Mombasa wakati ule kilikuwa shilingi 13,572.90, kilichowekwa 2018. Mimi nikilipwa 9,000. Kila mwezi nilikuwa nikipunjwa shilingi 4,572.90, kwa miezi 37. Ongeza likizo ya siku 21 kwa mwaka ambayo sikuwahi kuionja, ongeza mshahara wa mwezi mmoja wa notisi, ongeza malipo ya utumishi kwa sababu hakuniandikisha NSSF, ule mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Nilipoona jumla nikamwomba ndugu yule arudie kupiga hesabu.

Tajiri alikuja Leba, ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, akiwa na wakili. Akasema, "Alikula kwangu na kulala kwangu bure." Hoja hiyo kila mwajiri anayo, kwa hiyo jifunzeni jibu lake: kiwango kile ni cha mshahara mtupu, posho ya nyumba haimo ndani yake. Chumba nilichopewa kinasimama mahali pa posho ya nyumba, hakilipi mshahara. Mwenzetu wa chama aliyasema hayo kwa upole, bila kupandisha sauti, na wakili akainama kwenye makaratasi yake. Hatukufika mahakamani. Tulipatana kwa laki moja na kitu, ikalipwa kwa mafungu matatu, la mwisho kwa tabu. Si yote niliyostahili, na bado inaniuma kidogo. Lakini nilimlipia mwanangu shule na nikanunua kitanda.

Baada ya hapo nikasema haiwezekani nijue hivi peke yangu, na hapo ndipo niliposhindwa vibaya kwanza.

Niliita mkutano Jumapili saa nane mchana, Kisauni, kwenye ua wa mama mmoja. Nikakodi viti thelathini, nikanunua kreti mbili za soda, nikapika viazi karai kwa pesa yangu. Nilikuwa nimewaambia watu zaidi ya hamsini. Walikuja wanne, na wawili kati yao ni akina mama wa samaki waliopita kuona kuna sherehe gani. Nilikaa pale mpaka magharibi nikitazama viti. Jirani mmoja akaniambia, "Hawa mahausigeli hawaelewi, achana nao." Nilikasirika sana kwa neno lile, na mpaka leo nikilisikia nakasirika, kwa sababu wenzangu wanaelewa kila kitu. Nilipowauliza mmoja mmoja ndipo nikajua kosa lilikuwa langu. Wanaolala kwa matajiri hawana Jumapili, Jumapili ndiyo siku ya wageni. Walioko kwenye nyumba za Waislamu Mji wa Kale, wengi hupumzika Ijumaa. Na yule mwenye nusu siku ya Jumapili anavuka feri Likoni kuwaona watoto wake. Atawaacha watoto aje kunisikiliza mimi?

Kosa la pili lilikuwa neno lenyewe. Nikisema "chama", nusu wanauliza, "Tunatoa ngapi, na zamu ya kwanza ya nani?" Wanadhani ni chama cha kupeana pesa. Nusu nyingine wanadhani ni siasa na wanataka fulana. Nikaacha kusema chama peke yake. Nikawa nasema "watu wa kututetea kazini", na jina la KUDHEIHA nikalileta baadaye.

Tajiri wangu wa sasa, hukohuko Nyali, tuliandikiana mkataba wa kurasa mbili, na kila asubuhi nawapeleka watoto wake wawili barabarani kungoja basi la shule. Saa kumi na mbili na robo tunakuwa pale wanawake kumi na wawili, kumi na watano, kila mmoja ameshika mtoto na begi. Basi huchelewa. Siku moja nikitazama nikajisemea: ule mkutano nilioukodishia viti si huu hapa? Unafanyika kila siku, ruhusa imetolewa na matajiri wenyewe, na hakuna wa kuuliza mbona uko nje.

Nikaanza. Neno moja kwa siku, halizidi dakika kumi. Siku ya kwanza nilisema namba tu: Novemba 2024, kima cha chini kwa sisi wa Mombasa, Nairobi na Kisumu kilipandishwa hadi shilingi 16,113.75. Kimya. Kulikuwa na binti wa kutoka Ganze, ameshika mtoto analia, akaniuliza, "Dada, hiyo ni ya mwezi mmoja?" Yeye alikuwa akilipwa elfu sita. Siku ya pili nilisema siku moja ya kupumzika kila wiki. Siku ya tatu, likizo ya uzazi miezi mitatu kwa mshahara kamili. Wiki ya pili nzima nilizungumza daftari: nunua la watoto wa shule, andika siku uliyoanza, mshahara uliokubaliwa, saa uliyoamka, saa uliyolala, siku uliyonyimwa mapumziko. Lifiche vizuri, lisikae jikoni.

Na ujanja mmoja ninaojivunia: kama unalipwa pesa mkononi, mwambie tajiri kwa heshima kwamba pesa ya mkononi inakupotea, akutumie kwa Mpesa uweke akiba. Hakuna tajiri aliyekataa mpaka sasa. Miezi mitatu ikipita, una ushahidi wa kutosha mtu kuanza kukusikiliza. Wasiojua kusoma tuliwawekea utaratibu: jioni wananitumia sauti fupi ya namna siku ilivyokwenda, tarehe inajihifadhi yenyewe.

Mzigo wa fomu za kujiunga nao haukubebwa na mimi peke yangu. Maaskari wa getini walitusaidia sana, kwa sababu wao wanajua nani analia usiku. Ni askari wa ghorofa moja aliyetuletea habari za yaya mjamzito wa miezi sita aliyeambiwa aondoke mwisho wa mwezi "apumzike". Hakuwa hata amejiunga. Tulimwandikisha Jumanne, Ijumaa barua ya chama ikafika mlangoni, ikieleza kwamba mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu, na kujiunga na chama vilevile si sababu. Tajiri alipiga simu akiwa na hofu kuliko hasira. Kusema kweli hakuwa akijua. Walikaa wakazungumza, dada akaenda likizo yake, akajifungua mtoto wa kike, akarudi kazini. Kwa hiyo siwaambii wenzangu waingie kwa matajiri na vita. Yupo bibi mmoja wa Tudor aliyenitafuta mwenyewe, akasema, "Mwanangu, nionyeshe mkataba unaandikwa vipi, sitaki kumdhulumu mtoto wa watu." Tuliuandika pamoja mezani kwake, na akamwandikisha binti wake NSSF na bima ya afya ya SHA.

Msimkubalie anayewaambia mkamuaibishe tajiri mitandaoni. Shoga yangu alifanya hivyo, akaweka picha ya nyumba na majina ya watoto. Kesi yake iliyokuwa nzuri ikageuka, akawa yeye ndiye wa kujieleza. Wala anayewaambia suluhisho ni kukimbilia Saudia. Nimewapokea wawili waliorudi, na hawakurudi na pesa.

Niliambiwa chamani kwamba tarehe 16 Juni 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa nyumbani, na ndiyo sababu siku hiyo ni yetu duniani kote. Niliwasimulia wenzangu kituoni asubuhi ya tarehe hiyo. Binti wa Ganze akasema, "Kumbe huko mbali wanatujua." Akashika begi la mtoto, basi likaja.

Yeye sasa analipwa elfu kumi na moja, imepanda kwa hatua mbili, na hatujamaliza. Tuko ishirini na watatu wenye kadi kutoka kituo kile kimoja, na dada wa upande wa Bombolulu wameanza chao.

Kesho fomu zitabebwa na yaya wa ghorofa ya tatu, mimi sitakuwepo kituoni. Tajiri wangu ameniruhusu mpaka saa sita. Namsindikiza Leba mama mmoja mpishi wa Kizingo, miaka kumi na moja nyumba moja, ameachishwa bila notisi. Daftari zake ni tano. Nimezipanga kwenye mfuko kwa mwaka, na nimemwambia asiongee na mtu kwenye ngazi mpaka nifike.