Nilivyotengeneza ubao wa mawimbi wa kufungua vipande viwili

Ubao wa futi 9 wa kusimama na kuteleza juu ya mawimbi ya bahari ni kama mita 2.74, na kama umewahi kusafiri nao unajua shida yake, lifti hauingii, gari dogo mpaka pua, ile ncha ya mbele, itokee dirishani, na kwenye ndege kipimo kilichozoeleka cha begi la kuchekiwa ni sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo, sasa ubao urefu peke yake umeshapita. Ndo nikaamua nijenge wa kufungua. Wazo si jipya, mbao za vipande viwili zimekuwepo miaka mingi tu, ila mimi nilitaka nijenge kwa mikono yangu na nijue kila kitu kwa nini kimekaa pale kilipokaa.

Niseme mapema, hata ukate vipande vitatu hizo 158 huzifikii. Piga hesabu: kila kipande sm 91, upana 57, halafu vitatu vikilaliana kimo kinafika 18, tayari uko juu ya 165 na begi hujaweka. Kwa hiyo ile ndoto ya kupita kaunta kama mwenye sanduku la nguo niliiweka pembeni, nikachagua viwili, maana kila kiungo unachoongeza ni uzito na ni sehemu nyingine ya kuvunjikia. Kipande kirefu kikatoka sm 145, ukilaza kiti cha nyuma cha gari kinaingia, na mashirika mengi ya ndege yanapokea vifaa vya michezo ila yanaweka kikomo cha urefu, hapo mwenye mita moja na nusu anasikilizwa kuliko mwenye karibu tatu.

Sasa kazi yenyewe. Mtu akisikia ubao wa kufungua anawaza komeo gani, bolti gani, na mimi nakwambia komeo ni jambo la mwisho kabisa. Ile foamu ya ndani haina nguvu ya maana, unaibonyeza kwa kidole gumba inabonyea, nguvu ya ubao iko kwenye ngozi ya faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa gundi, juu na chini. Ukisimama katikati, maji yanasukuma pua na mkia kwenda juu, ngozi ya juu inabanwa na ya chini inavutwa. Ukikata ubao umeikata hiyo ngozi, basi lazima kipatikane kitu kingine cha kubeba ule mvuto. Chukua mtu wa kilo 75, maji yambebe sawasawa urefu wote wa ubao, nguvu ya kupinda pale katikati inakuja kama nyutoni-mita 250, ukigawa kwa unene wa sm 6 unapata zaidi ya nyutoni 4,000, yaani ngozi ya chini inavutwa kama imening'inizwa kilo 400 na kitu, na hapo mtu amesimama tu katulia, wimbi halijamwangukia. Komeo za masanduku kwa hiyo kazi tusidanganyane.

Kwa hiyo nikaweka mabomba mawili ya nyuzi za kaboni yanayopita kwenye kiungo, kila moja sm 60, nusu huku nusu kule. Nilikata kwenye mlingoti wa windsafu, ule ubao wenye tanga, uliokuwa umevunjika, na hiyo milingoti ni ushahidi tosha, mingi inakuja vipande viwili vinavyochomekana na inavumilia kupindwa vibaya sana. Bomba lenyewe halivunjiki kirahisi. Kinachoshindwa ni kile kilicholizunguka, maana ncha ya bomba ikisukuma kwa nyutoni 500 kwenye eneo dogo kama kiganja, au dogo zaidi, foamu inapondeka taratibu, leo hujui, kesho kiungo kinacheza, na kikishaanza kucheza kinajimaliza chenyewe. Dawa ni kulipeleka zigo kwenye ngozi. Bomba likae ndani ya ala yake ya faiba, na ile ala ishikane na mbavu mbili za plaiwudi nyembamba zilizosimama kutoka ngozi ya chini mpaka ya juu, ziende mbele kupita pale bomba linapoishia. Muda mwingi wa mradi huu uliishia hapo na ningerudia tena vilevile.

Ala nazitengeneza hivi: bomba nalipaka nta, nalizungushia selotepu ya kufungia maboksi raundi moja, halafu juu yake vitambaa vya faiba na epoksi, yaani gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu. Ikikauka unalishika bomba unalizungusha huku unavuta, linatoa mlio fulani wa kukwaruza, linatoka, na ile nafasi ya unene wa selotepu ndo nafasi unayoitaka, likiingia unasikia hewa inasukumwa lakini haligongi. Epoksi lazima, kwa foamu hii nyeupe ya chembechembe ile gundi nyingine, resini ya polyester, inaiyeyusha kabisa.

Ujanja mwingine ni mpangilio. Usijenge nusu mbili halafu ukaanza kuzilazimisha zilingane, hazitalingana. Nilichonga foamu nzima kama ubao wa kawaida, nikaikata kwa msumeno mbele kidogo ya katikati ili kiungo kisikae chini ya mguu wa mbele, nikabandika kuta za plaiwudi kila upande na kuzifunika faiba, katikati ya kuta mbili nikaweka ile selotepu maana epoksi haiishiki, mabomba yakiwa ndani, nikabana yote pamoja kwa klampu ndo nikavisha faiba ubao mzima juu na chini. Ikishakauka unapitisha wembe wa msumeno mwembamba kwenye mstari, unavuta, nusu zinaachana, na mbinuko wa ubao unabaki uleule kwa sababu zilizaliwa pamoja.

Komeo sasa. Mbili chini karibu na kingo, moja juu, zote chuma cha pua daraja la 316, linalovumilia maji ya chumvi, na zimezamishwa kwenye vishimo zisishike maji wala goti. Kazi yao ni kuvuta nusu zikutane tu. Raba kwenye mshono sikuweka, watu wanaipenda wakidhani inazuia maji, lakini ukuta ukikalia raba kiungo kinakuwa laini, na maji kuingia pale si tatizo kwa sababu kila nusu imefungwa yenyewe. Ila hapo kuna jambo: ukishakata una vyumba viwili vya hewa, kwa hiyo kila nusu inahitaji kitundu chake cha kupumulia, la sivyo juani au kwenye ndege hewa inatanuka na ngozi inabanduka. Na alumini usiiguse kabisa karibu na kaboni, zikilowa maji ya chumvi zinageuka betri, alumini inaota unga mweupe, inavimba, na bomba halitoki tena.

Kabla ya kuingia majini niliuweka juu ya stuli mbili zilizoachana mita 2, nikaweka vipande vya karatasi vikibanwa kwenye mshono upande wa chini, halafu nikapakia magunia ya mchanga katikati mpaka kilo 75. Hiyo inapinda kuliko maji yanavyopinda, maana ubao umeshikwa sehemu mbili tu. Unavuta karatasi, ikigoma mshono umebana, ikitoka umefunguka. Pembeni ziligoma, moja ya katikati ilitoka kwa shida, nikakaza komeo nusu duru ikagoma nayo.

Majini unasikia ubao mgumu kidogo katikati, na umeongezeka kama kilo moja na nusu, ukiugeuza haraka unaujua. Adui mkubwa ni mchanga. Bomba naliunganishia juu ya begi, siyo mchangani, nalifuta kwanza kwa kitambaa cha maji yasiyo na chumvi, na grisi sipaki maana inakusanya mchanga. Pia kuna kamba fupi ndani inayofunga nusu ya pua kwenye nusu ya mkia, kwa sababu kamba inayofunga mguu wako na ubao iko mkiani, komeo zikiachia pua inaondoka na maji.

Kwa ubao mfupi wa futi 6 mimi nisingejisumbua, huo ni sm 183 na kilo moja na nusu ya mabomba na mbavu kwenye ubao mdogo vile inaua mchezo wote. Kuanzia futi 8 kwenda juu ndo hesabu inaanza kulipa.