Nani aliwashangilia?

Leo baada ya mazoezi vijana wangu walilalamika: "Kocha, mbona tunakimbizwa hivi?"

Nikawaketisha chini, nikawasimulia habari za John McLendon.

Alisoma Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, miaka ya 1930, akafundwa na James Naismith, mvumbuzi wa mpira wa kikapu mwenyewe. Lakini timu ya chuo hakuichezea. Alikuwa mweusi, basi.

Akawa kocha. Akawafundisha vijana wake kukimbia mpaka mpinzani atwete.

Machi 1944, mjini Durham, timu yake ilicheza kwa siri na wazungu wa shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Duke. Jumapili asubuhi, milango imefungwa, maana sheria za ubaguzi hazikuruhusu.

88 kwa 44. Wakashinda vijana wa McLendon.

Kisha (hapa sauti yangu hukwama kila mara) wakachanganya timu, weusi na wazungu, wakacheza tena.

Kimya. Halafu yule mdogo kuliko wote akauliza: "Kocha, sasa nani aliwashangilia?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa nimekaa na viatu miguuni, nalifikiria swali lake.

Wewe ungemjibu nini?