Mzee Johnson wa Harlem

Jana nilipotoka zamu ya usiku sikwenda kulala. Nilishuka treni mtaa wa 135, Harlem, jijini New York, nikatembea tu nikimfikiria Edward A. Johnson.

Mzee huyu alizaliwa mtumwa mwaka 1860, karibu na Raleigh, North Carolina. Akawa mwalimu, na mwaka 1890 akatoa kitabu cha historia ya watu weusi kwa ajili ya watoto wa shule. Hebu fikiria: aliyezaliwa mali ya mtu, anawaandikia watoto habari zao wenyewe! Akasomea sheria, akawa diwani Raleigh. Jimbo lilipowanyang'anya weusi kura, mwaka 1907 akahamia New York. Mwaka 1917 Harlem ikamchagua, mweusi wa kwanza katika Bunge la jimbo la New York. Alikaa muhula mmoja tu, lakini alipigania kukazwa kwa sheria dhidi ya ubaguzi.

Baadaye akapofuka. Mwaka 1928, haoni, akagombea Bunge la Marekani. Akashindwa.

Baba yangu naye haoni siku hizi. Nilimpigia simu nikamsomea haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, rudia hapo pa 1928."