Risasi zangu zilivyoacha kupanda na kushuka

Risasi zangu nazijaza mwenyewe nyumbani. Kwa yadi 100 matundu kwenye shabaha yalikuwa yanagusana. Yadi 600, moja juu, moja chini. Nikalaumu upepo, wakati upepo kazi yake hasa ni kusukuma pembeni. Nikaazima kipima mwendo (huku Texas hukosi jirani mwenye nacho): kati ya risasi ya kasi na ya polepole kulikuwa na futi 70 kwa sekunde, na ya polepole huanguka zaidi njiani. Na baruti naipima punje kwa punje!

Mchawi alikuwa ndoo. Humo nilitupa maganda yote ya risasi niliyookota uwanjani, ya viwanda vitatu, mapya na yaliyokwisha kujazwa mara sita. Ganda nene lina nafasi ndogo ndani, basi baruti ileile inasukuma kwa nguvu zaidi.

Jumamosi nzima nilisoma mihuri kwenye matako ya maganda, nikayagawa kwenye makopo ya kahawa, kila kopo na karatasi yake: kiwanda gani, limejazwa mara ngapi. Fataki (kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) na baruti sasa nanunua za toleo moja, za kutosha msimu mzima. Uhaba wa vitu hivyo wa 2020 ulinifunza adabu.

Tofauti imeshuka hadi futi 18. Ndoo amechukua mke wangu, anamwagilia mchicha.