Uria yuko mwisho

Jumanne iliyopita ibada ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwetu, na somo lilikuwa 2 Samweli 23. Tulipofika mstari wa 24, yanapoanza majina matupu, mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hayo majina tuyaruke, tumalizie na sala." Nikamwomba radhi, nikasoma yote. Nilijikwaa kwa Wabeerothi na Waithri, lakini nilifika mwisho. Naandika hapa yale ambayo usiku ule sikupata nafasi ya kuyaeleza.

Ni orodha ya mashujaa wa Daudi. Juu kabisa wapo watatu, na wawili kati yao nawaona kama watu wa kijijini kwetu. Eleazari aliwapiga Wafilisti mpaka mkono ukachoka, ukagandana na upanga. Mimi nimekulia Kwimba, nimelima kwa jembe la mkono. Siku ya palizi, ikifika jioni vidole vinabaki vimejikunja kama bado vimeshika mpini. Unavifungua kimoja kimoja kwa mkono wa pili, ambao nao haufunguki. Mama alikuwa akitutengea maji ya moto yenye chumvi tutumbukize mikono kabla ya kula, la sivyo hata tonge lilikuwa halishikiki. Huo mkono wa Eleazari naujua.

Mwingine ni Shama mwana wa Agee. Wafilisti walikusanyika penye shamba la dengu, watu wakakimbia, yeye akasimama katikati ya shamba akalitetea. Nimewahi kusikia watu wakiuliza, mtu afe kwa ajili ya dengu? Kwetu dengu hupandwa mbugani, kwenye udongo mweusi, mvua zikielekea kuisha. Mmea unaishi kwa unyevu uliobaki chini. Shamba hilo likiporwa, hakuna mvua ya kupandia tena. Dengu za Shama zilikuwa zile ndogo bapa, si hizi zetu, lakini zote ni fupi. Kwenye mtama mtu anajificha. Kwenye dengu unaonekana kutoka kila upande. 1 Nyakati 11, yenye orodha kama hii, inasema lilikuwa shamba la shayiri, na inalihusisha na Eleazari. Mimi nabaki na dengu.

Benaya wa Kabseeli, aliyeshuka shimoni siku ya theluji akamuua simba, nawaachia watoto wa shule ya Jumapili. Wanampenda sana.

Twende kwenye majina. Anaanza Asaheli ndugu yake Yoabu, ambaye Abneri, jemadari wa upande wa Sauli, alimuua zamani, Daudi akiwa bado anatawala Hebroni tu. Kwa hiyo marehemu hawakufutwa. Yumo Eliamu mwana wa Ahithofeli, yule mshauri wa Daudi, na sura ya 11 inamwita Bathsheba binti Eliamu. Yumo Seleki, naye ni Mwamoni. Yumo Naharai, mchukua silaha wa Yoabu. Yoabu mwenyewe, jemadari wa jeshi lote, hakupewa nafasi yake. Halafu Uria Mhiti. Jumla watu 37. Basi.

Mimi ni katibu wa jumuiya, na kwenye misiba ndiye ninayeandika daftari la rambirambi. Jina la mwisho ndilo linalokaa juu ya mstari wa kujumlisha. Kila anayekagua hesabu lazima jicho lake litue hapo. Mwandishi wa Samweli hakuongeza neno, kwa sababu sura 12 nyuma alikwisha kusimulia. Daudi alilala na Bathsheba, mke wa Uria, naye akapata mimba. Uria aliitwa kutoka vitani Raba, mji wa Waamoni, akakataa kwenda kulala kwake wakati sanduku la Mungu na wenzake wako kwenye vibanda. Akalala mlangoni pa nyumba ya mfalme. Kisha Daudi akampa barua ampelekee Yoabu, yenye agizo kwamba awekwe mbele palipo na vita vikali, wenzake warudi nyuma, afe. Barua hiyo aliibeba mwenyewe.

Na mistari michache tu juu ya orodha, Daudi yuko kwenye pango la Adulamu, anatamani maji ya kisima cha langoni Bethlehemu. Watatu wanapenya kambi ya Wafilisti, wanayachota, wanamletea. Anakataa kuyanywa. Anayamimina mbele za Bwana, akisema ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Kila nikisoma hapo na kushuka mpaka mstari wa 39, kifua kinabana.

Nyakati haiishii kwa Uria. Inaongeza majina mengine 16, na habari ya Bathsheba na ile barua haiisimulii kabisa, kwa hiyo humo Uria anapita katikati ya watu kama askari yeyote. Katika Samweli amewekwa mlangoni, pale pale alipolala.

Usiku ule nilipofunga Biblia, yule mzee aliuliza, "Uria huyo, ndiye mume wa Bathsheba?" Nikamwambia ndiye. Akavaa miwani, akaniomba Biblia, akatafuta mstari mwenyewe kwa kidole.